Dawa kinga ipo. Je, dokta wako anaijua?

*Mchumba wako anaishi na virusi, wewe huna, na harusi iko mlangoni. Unamwendea daktari wako wa siku zote, naye anakutolea macho. Utafanyaje?*

Jumapili jioni Raskazone huwa hakuna haraka. Watu wanatoka kuogelea, wengine wamekaa tu wanaitazama bahari, na kule mbele kisiwa cha Toten kinaanza kuwa cheusi. Vijana wanapita na baiskeli zao, dada kapakiwa nyuma, kanga imefungwa vizuri isiingie kwenye mnyororo. Hapo ndipo shoga yangu aliponivuta pembeni, mwaka 2024, akaniambia jambo alilokuwa amelibeba kifuani wiki nzima.

"Tumepima."

Mtu akikwambia "tumepima" kwa sauti ile, huna haja ya kuuliza majibu.

Yeye ni mfanyakazi wa benki, mchumba wake anafanya kazi bandarini. Mahari ilikwishatolewa, kadi za mchango zilikwishaanza kugawiwa. Wakaona wafanye kama wafanyavyo wachumba wengi siku hizi, wapime kabla ya ndoa. Yeye akakutwa hana maambukizi. Mwenzake akakutwa anayo, na wiki hiyo hiyo akaanzishiwa dawa.

"Simwachi," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Ila na mimi nataka kubaki nilivyo. Halafu nataka kuzaa. Sasa niambie, hayo mambo matatu yanakaa pamoja?"

Msomaji, jibu ni ndiyo. Yanakaa. Tatizo ni kwamba mtu wa kwanza aliyekwenda kumuuliza alimwambia hayakai, na mtu huyo alikuwa daktari.

"Wewe mzima, dawa za nini?"

Shoga yangu si mtu wa kukaa kusubiri. Alikuwa amesoma kwenye simu yake kwamba kuna dawa ya kumeza mtu ambaye hana virusi vya UKIMWI ili asiambukizwe. Akaenda kwenye zahanati moja binafsi mjini, kwa daktari ambaye amewatibu nyumbani kwao kwa miaka. Ndiye anayempimia mama yake presha, na ndiye aliyemtibu yeye malaria zaidi ya mara moja. Mazungumzo, kwa jinsi alivyonisimulia, yalikwenda hivi:

"Dokta, nasikia kuna vidonge vya kuzuia mtu asiambukizwe virusi."

"Hizo ni ARV dada. Ni za wagonjwa. Wewe mzima, dawa za nini?"

"Ndiyo hizo za kinga, dokta."

"Labda unasema PEP. Hiyo anapewa nesi aliyejichoma sindano, au mtu aliyebakwa. Wewe umebakwa?"

Akanyamaza. Daktari naye akalegeza sauti, ile sauti ya baba mdogo anayetoa ushauri. "Tumieni kondomu. Na ukitaka neno langu, hebu ifikirie vizuri hii ndoa."

Akalipa ada ya kumwona daktari, akatoka. Alikwenda kutafuta dawa, akarudi na ushauri wa ndoa!

Nasema wazi, yule daktari si mtu mbaya. Hakumfokea, hakumtangaza mtaani. Alisema alichokijua, na alichokijua ni cha zamani. Ndiyo maana tunaandika ukurasa huu, kwa sababu wako wengi kama yeye, na wako wengi zaidi kama shoga yangu.

Tuelewane kwanza: PEP siyo PrEP

Majina yanafanana, hata watoa huduma wenyewe huyachanganya. PEP ni dawa ya dharura, *baada* ya tukio. Kondomu imepasuka, mtu amebakwa, nesi amejichoma. Inatakiwa ianzwe mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, na humezwa kwa siku 28. Ukichelewa, imekupita.

PrEP, ambayo kwa Kiswahili tunaiita dawa kinga, ni ya *kabla*. Anameza mtu ambaye hana virusi, ili hata akikutana navyo visipate pa kushika. Kidonge kinachotumika zaidi kina tenofovir pamoja na emtricitabine au ndugu yake lamivudine. Ni kweli dawa hizi ni jamaa za ARV anazomeza mtu mwenye maambukizi, na hapo ndipo daktari wetu alipokwama. Aliona jina la dawa, akamtafuta mgonjwa.

Lakini hebu jiulize. Mama mjamzito anapokwenda kliniki hapa nchini anapewa vidonge vya SP kuzuia malaria. Anavimeza pale pale mbele ya nesi, na hana malaria. Je, kuna anayemwita mgonjwa wa malaria? Mkoa wa Tanga ndio wenye kituo cha utafiti cha Amani, ambako malaria imechunguzwa kwa miongo mingi. Kumpa mtu mzima dawa ili asiugue si jambo geni kwetu, isipokuwa ugonjwa huu mwingine una aibu yake.

Marekani iliidhinisha kidonge hiki kwa kinga mwaka 2012. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likashauri kitolewe kwa kila aliye katika hatari kubwa ya kuambukizwa. Kenya ilianza kukitoa nchi nzima mwaka 2017. Tanzania nayo ilianza kwa majaribio kisha ikapanua huduma, ikiwalenga hasa walio katika hatari zaidi, wakiwemo wenza ambao mmoja ana virusi na mwingine hana. Kwa maneno mengine, shoga yangu yumo kabisa kwenye orodha.

Ushahidi umetoka kwa jirani

Kuna watu wakisikia dawa mpya wanasema haya ni mambo ya Wazungu. Sikiliza basi. Moja ya tafiti kubwa kabisa za dawa hii ilifanyika Kenya na Uganda, katika miji kama Kisumu, Thika, Eldoret, Kampala na Jinja. Walishiriki wenza 4,747, yaani jozi za mume na mke, mmoja ana virusi, mwenzake hana. Majibu yalichapishwa mwaka 2012. Waliopewa kidonge chenye dawa mbili, maambukizi yalipungua kwa asilimia 75 ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Na wale ambao damu zao zilionyesha kweli wanameza, kinga ilikaribia asilimia 90.

Hapo weka alama kwenye neno *wanameza*. Utafiti mwingine ulihusisha wanawake wa Kenya, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, nao ukasimamishwa mwaka 2011 kwa sababu haukuonyesha kinga yoyote. Watafiti walipopima damu wakakuta wengi walikuwa hawamezi, vidonge vimebaki koponi. Kidonge kilicho ndani ya mkoba hakimkingi mtu, jamani.

Baadaye watafiti wa Kenya na Uganda wakaja na wazo ambalo kwa wachumba kama hawa ni dhahabu. Wakasema, tutumie dawa kinga kama *daraja*. Mwenye virusi anaanza ARV. Asiye navyo anameza dawa kinga katika miezi ile ya mwanzo, wakati virusi vya mwenzake havijafubaa. Mwenzake akishafubaza, daraja limevukwa, dawa kinga inaweza kuachwa. Wenza 1,013 walifuatwa kwa utaratibu huo, na maambukizi yakapungua kwa asilimia 96 ukilinganisha na yale yaliyotarajiwa bila huduma hiyo.

Na mtu aliyefubaza, yaani virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo kwa kuwa anameza dawa vizuri, *hamwambukizi* mwenzake kwa kujamiiana. Wenza wa nchi mbalimbali walifuatiliwa kwa miaka, na majibu yaliyotoka mwaka 2016 na 2019 yalikuwa yale yale: hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake aliyefubaza.

Kwa hiyo swali la shoga yangu lilikuwa na jibu hata kabla hajaliuliza. Kukaa na mchumba, kubaki bila virusi na kuzaa, vyote vinawezekana. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia.

Kwa nini dokta hajui?

Sababu ya kwanza ni kalenda. Daktari aliyemaliza chuo kabla ya mwaka 2012 hakufundishwa jambo hili, kwa sababu halikuwepo. Anapaswa kujifunza kazini. Na semina za mambo ya VVU kwa kawaida huwaendea watumishi wa CTC, zile kliniki za tiba na matunzo. Anayekaa zahanati akiwaona watoto wenye mafua na wazee wenye kisukari, semina hiyo inampita. Na ukumbuke kwamba kwenye zahanati zetu nyingi unayemwita "dokta" ni tabibu au afisa tabibu, na wakati mwingine ni muuguzi peke yake, foleni inafika mlangoni.

Sababu ya pili ni mpira kupigwa huku na huku. Mwaka 2014 watafiti wa mjini Boston, Marekani, walieleza hali ya ajabu. Madaktari bingwa wa VVU walisema dawa hii waandike madaktari wa kawaida, kwa sababu wao ndio wanaokutana na watu wazima wasio na virusi. Madaktari wa kawaida nao wakasema waandike mabingwa, kwa sababu wao ndio wanaozijua ARV. Kila mmoja anamwonyesha mwenzake, mteja yuko katikati anazeeka. Kwetu mpira huo una jina fupi: "Nenda CTC."

CTC ni mahali pazuri, na imeokoa watu wengi tangu ARV zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Lakini mtu asiye na virusi akikaa kwenye benchi lile, mjini ambako kila mtu anamjua shangazi wa kila mtu, unadhani nini kitasemwa kabla ya adhuhuri? Shoga yangu alikwenda siku ya kwanza, akamwona mteja wake wa benki kwenye foleni, akageuza. Na yule mteja naye, sijui alijisikiaje.

Sababu ya tatu ni maadili, au tuseme hofu iliyovaa kanzu ya maadili. Kuna watoa huduma wanaoogopa kwamba ukimpa mtu dawa kinga umempa kibali cha kuzurura. Wazee wetu walisikia maneno hayo hayo vidonge vya uzazi wa mpango vilipoingia, na kizazi changu kikayasikia kwa kondomu. Hivi, mwanamke anayekuja na mchumba wake, anayetaka ndoa na mtoto, huyo anazurura wapi?

Sababu ya nne ndiyo ngumu zaidi: *hatuulizani*. Daktari hakuulizi habari za chumbani, na wewe humwambii. Anakuuliza kichwa, anakuuliza tumbo, anaruka anatua magotini. Sisi tuliokua na matangazo ya Angaza na "Usione soo, sema naye" tulijifunza kusema na mpenzi. Kusema na daktari hatukufundishwa, naye hakufundishwa kutusikiliza.

Si vidonge vya peremende

Tusidanganyane lakini. Dawa kinga ina masharti yake, na daktari anayeijua atakupitisha humo.

Kwanza unapima VVU, na majibu lazima yawe huna. Ukianza dawa hii huku una virusi bila kujua, utavifundisha kuizoea dawa. Figo zako huenda zikapimwa, kwa sababu tenofovir huwa inazisumbua kwa watu wachache. Homa ya ini aina ya B nayo huulizwa au kupimwa, maana dawa hiyo hiyo huitibu, na kuiacha ghafla kunaweza kuiamsha. Baada ya hapo unarudi kupima VVU kila baada ya miezi mitatu.

Wiki za mwanzo unaweza kupata kichefuchefu, kichwa au tumbo kujaa gesi. Kwa wengi huisha. Mwanamke asitegemee kinga ya kidonge siku ile ile, anashauriwa ameze siku 7 mfululizo kwanza. Na usiache kienyeji, uliza kabla ya kuacha.

Halafu, dawa kinga haizuii mimba, haizuii kaswende wala kisonono. Kondomu haijastaafu. Kwa mjamzito na anayenyonyesha Shirika la Afya Duniani linaruhusu itumike, na hilo ni muhimu kwa wanaotafuta mtoto.

Kuna jambo jingine la kuliweka wazi. Sehemu kubwa ya huduma hizi Afrika imekuwa ikilipiwa na fedha za Marekani. Mapema mwaka 2025 fedha hizo ziliposimamishwa kisha kurudishwa kwa masharti, dawa kinga iliyolipiwa nazo iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Watu waliokuwa wamevuka nusu ya daraja wakajikuta wanaambiwa wasubiri. Kwa hiyo kabla ya kwenda, uliza kituo unachokiendea kina nini na kinampa nani.

Na mambo hayajasimama. Ipo sindano ya cabotegravir ya kila miezi miwili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Ipo lenacapavir, sindano ya mara mbili tu kwa mwaka. Katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, majibu yake yakatoka mwaka 2024, wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Lakini sindano nayo inahitaji mtu wa kuichoma. Kama dokta wetu hajasikia habari za kidonge cha mwaka 2012, hii ya juzi ataisikia lini?

Tulivyomaliza

Mara ya pili tulikwenda wote wawili, mimi nikiwa wa kushika mkoba tu. Tulikwenda kituo kingine, siku ya katikati ya wiki, mchana, foleni imepungua. Mtu aliyetupokea alikuwa muuguzi wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Nani mwenye shida?"

Shoga yangu akasema yote, bila kuzunguka. Yule mama hakushtuka. Akauliza: mwenzio ameanza dawa lini? Anameza? Mnataka mtoto sasa au baadaye? Maswali matatu, kila moja lina sababu. Akampima, akamwelekeza, akamwandikia. Mwishoni akasema, "Safari ijayo uje naye. Hii dawa ni yenu wote wawili, hata kama anayemeza ni wewe."

Nilimwangalia yule mama nikajiuliza, kwani huyu ana nini ambacho daktari wa kwanza hana? Shahada hana. Alichokuwa nacho ni siku chache za mafunzo na tabia ya kuuliza kabla ya kuhukumu.

Walifunga ndoa Desemba kama ilivyopangwa. Usiku, mume anameza chake, mke anameza chake, glasi moja ya maji. Shoga yangu anasema kuna siku waligombana hata hawasemezani, lakini saa tatu ilipofika mmoja akamsogezea mwenzake glasi. Mwaka 2025 kipimo cha mume kikaonyesha virusi vimefubaa. Wakarudi kwa yule mama, wakashauriana, na baada ya muda mke akaacha dawa kinga kwa utaratibu. Mume anaendelea na zake kila siku, maisha yake yote, na hilo ndilo linalowalinda wote wawili.

Na yule daktari wa kwanza? Shoga yangu bado anampeleka mama yake kupima presha pale. Siku moja alipokuwa analipa, akamwambia, "Dokta, ile dawa niliyokuuliza, ipo." Akamwandikia jina lake kwenye karatasi. Daktari akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti jeupe. Hakusema kitu, lakini hakuitupa.

UKIFIKA KWA DAKTARI, ANZA HIVI

* Sema moja kwa moja: "Mwenzangu ana virusi, mimi sina. Nataka kujua kuhusu dawa kinga, PrEP." Ukizunguka, naye atazunguka.
* Akisema hajui, usikasirike. Muulize: "Nani hapa au kituo cha jirani anajua?" Mwambie akuandikie rufaa, usitoke mikono mitupu.
* Kama tukio limekwishatokea na saa 72 hazijapita, usiulize PrEP, uliza PEP, siku hiyo hiyo.
* Muulize mwenzako lini alipimwa wingi wa virusi, na majibu yalikuwaje. Hilo ndilo linaloamua daraja lenu lina urefu gani.
* Siri yako ni haki yako. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtoa huduma aitunze.
* Kama mnataka mtoto, semeni mapema, msisubiri mimba iwe imeshaingia.
* Nendeni wawili. Anayeogopa benchi la kliniki, benchi hilo likikaliwa na watu wawili huwa dogo.